Idi Mbili na Nyota Moja

Ningelijua kwamba bakuli la tambi litakuja kumvua mume wangu nyota, siku ile ningelimpikia uji wa chumvi, na uji wenyewe ningeliuunguza.

Mume wangu ni Jaribu, wa hapa Msuka. Alikuwa Sajenti wa kikosi cha akiba kwa miaka mingi kuliko ndoa za baadhi ya majirani zangu, na majina yao siyataji maana wanasoma. Askari wa akiba ni mtu anayelima muhogo wake na kutega madema yake ya samaki, na siku akiitwa huvaa magwanda akaenda. Chombo kikizama anaitwa, maji yakivamia nyumba za watu anaitwa, siku ya gwaride anaitwa. Siku zilizobaki anapigiwa saluti na mbuzi.

Kikosi chao kilikuwa na kanuni moja. Sajenti akitimiza umri, ahsante, nenda nyumbani. Lakini mwenye nyota begani, kwa kuwa ni ofisa, hubaki kwenye akiba mpaka azeeke kweli kweli, na simu yake huendelea kulia. Jaribu hakuitaka nyota kwa kung'ara kwake. Aliitaka ile simu. Akiniambia, "Mwatum, siku wakiacha kuniita, n'tajua nimeshakufa na nyinyi mnanificha."

Umri wake ulikuwa unamalizika Ijumaa moja ya mwaka jana. Mkubwa wake, Meja Zubeir, alikuwa akimpenda, akapeleka jina lake juu. Jibu likachelewa kama kawaida ya majibu, likaja wiki ile ile ya mwisho: apandishwe, awe Luteni Usu. Akaambiwa afike Wete Ijumaa asubuhi avishwe nyota, kwani Jumamosi atakuwa si askari tena. Siku iliyobaki ilikuwa moja, nayo ndiyo hiyo.

Sasa Ijumaa ile ilikuwa siku gani? Hapo ndipo ulipolala mwiba.

Nyumba yetu na ya Masoud, mdogo wake Jaribu, zina ua mmoja na kisima kimoja. Idi ndiyo hatuna moja. Mimi na Jaribu tunafuata mwezi popote ulipoonekana duniani. Masoud na mkewe wanafuata mwezi unaotangazwa hapa kwetu. Kuna miaka miezi hiyo hukubaliana na kuna miaka hupishana siku, na ikipishana, upande huu wa ua watu wanakula na upande ule wamefunga. Hatugombani. Tulishagombana zamani tukachoka. Siku kama hizo mimi hupika nikauelekeza moshi vichakani, na Masoud hupita kaziba pua kwa kanga ya mkewe.

"Mnakula Ramadhani za watu!" husema.

"Kesho uje kwenye kiporo, shemeji," humjibu. "Kwetu kitakuwa kimelala, kwako kitakuwa kipya."

Basi Alhamisi usiku habari zilikuja kwamba mwezi umeonekana huko nje. Kwetu sisi Ijumaa ikawa Idi. Kwa Masoud, kwa Meja Zubeir na kwa ofisi zote, Ijumaa ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa, na Idi yao ikaja kuwa Jumamosi. Jaribu akasali Idi jua likichomoza, akarudi, akala tambi zangu za iliki bakuli zima, akajifuta, akavaa magwanda, akaenda Wete kuvishwa nyota mbele ya watu waliofunga.

Alirudi kabla ya sala ya Ijumaa, nyota begani, shingo ndefu kama ya bata. Masoud alikuwa ameegemea kisima, midomo mikavu. Akajinyoosha akapiga saluti.

"Luteni!"

"Pumzika," Jaribu akamwambia. Na tangu siku ile kijiji kizima kikamwita Luteni, hata wale wanaomdai jembe lao.

Kule Wete alipewa karatasi ajaze kwa mkono wake: siku uliyovishwa cheo. Mtu mwengine angeandika tarehe. Lakini sisi watu wa huku, wa umri wetu, tarehe hatuna urafiki nazo. Mwanangu wa kwanza kazaliwa mwezi wa Mfunguo Tatu, mwaka karafuu zilipovunja matawi. Ukiniuliza tarehe nitakutazama tu usoni mpaka uone haya wewe. Jaribu kwa furaha yake akaandika: *Idi Mosi*. Aliona ndiyo siku yenyewe, na ina baraka kuliko nambari. Aliyeipokea akaiweka, mambo yakaisha.

Hayakwisha. Msimu wa karafuu, nimekaa mkekani nachambua, vikonyo huku na karafuu huku, barua ikaja. Kumbe zile karatasi zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta. Aliyekuwa akiingiza alipokuta Idi Mosi, alitazama kalenda ya ukutani, kalenda ikamwambia Jumamosi, naye akaandika Jumamosi. Kwa hivyo Sajenti Jaribu alitolewa kikosini Ijumaa, na nyota alivishwa Jumamosi, akiwa raia. Raia hapandishwi cheo. Barua ikasema cheo kimebatilika na nyota irudishwe, ila kama mhusika ana la kusema, basi aombe kurekebishiwa tarehe kabla mwaka haujafunga.

Jaribu aliisoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Kisha akakaa mkekani akaanza kuchambua karafuu pamoja nami, kazi ambayo kwa kawaida huiita ya wanawake. Vikonyo akavitia kwenye karafuu. Nikawa navitoa kimoja kimoja.

Tulikwenda Wete wote wawili. Nilimfuata kwa sababu Jaribu akiingia ofisini husimama wima tu, hasemi. Tukamkuta karani, kijana jina lake Abdulsamad, ana adabu na ndevu za kuanzia.

"Shikamoo Bi. Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Lakini mwite Luteni. Mpaka sasa hajavuliwa."

Akacheka, akatuwekea viti. Angelikuwa mjeuri ningepata pa kumng'ata. Tabu ni kwamba alikuwa mtoto mwema. Akatusikiliza mpaka mwisho, huku akiitikia kwa kichwa.

"Mzee wangu, nakufahamu sana. Mamangu Idi yake ilikuwa Ijumaa ile ile. Babangu Jumamosi. Mie nilikula kwote kuwili."

"Alhamdulillahi," Jaribu akasema. "Basi andika Ijumaa."

"Ndilo nisiloliweza. Wewe umeandika Idi Mosi kwa mkono wako. Na humu ndani," akaigonga ile kompyuta kama mtu anayegonga nazi, "Idi ni moja tu. Ya Jumamosi."

"Jumamosi hiyo ofisi hii ilikuwa wazi?" nikamuuliza.

"Ilifungwa, Bi. Sikukuu."

"Sasa nani alimvisha nyota? Paka?"

Abdulsamad akajikuna ndevu. "Bi, mie najua. Hata mkubwa," akaonesha mlango wa ndani, uliokuwa umefungwa, "anajua. Lakini kujua kwetu hakuna pa kukuandika. Nileteeni barua ya aliyemvisha, na shahidi mmoja aliyemwona siku ile. Tutajaribu."

Aliyemvisha ni Meja Zubeir, naye alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao Vitongoji, anafuga kuku. Tulimkuta katikati ya banda, amevaa shati la jeshi na kikoi. Jaribu akapiga saluti, kuku wakatawanyika.

"Kama nakumbuka?" Meja akasema tulipomweleza. "Mimi nimesimama mbele yake, saumu imenikaba, nambandika nyota, na yeye ananipumulia iliki usoni! Bi Mwatum, sema kweli, zile tambi ulitia na zabibu?"

"Nilitia."

"Nilijua! Niligeuza uso, ndiyo maana nyota ikakaa upande. Siku ile siwezi kuisahau mpaka naingia kaburini."

Akaingia ndani akaandika kwa mwandiko mzuri: siku ya Ijumaa, Ramadhani ishirini na tisa, nikiwa nimefunga, nilimvisha cheo Sajenti Jaribu mbele ya wenzake. Akatupa na mayai. Tuliporudi, Masoud naye akaandika yake. Siku ya Ijumaa, Ramadhani ishirini na tisa, nilimwona kaka yangu akitoka nyumbani na magwanda, akarudi na nyota. Usiku ule Jaribu alipiga buti zake kiwi huku akiimba. Ana sauti mbaya sana, nikamwacha.

Abdulsamad alipozisoma zile barua, nilimwona uso unamshuka kama maji ya kupwa.

"Wote wawili wanasema Ramadhani," akasema. "Mzee kaandika Idi. Mkubwa ataona ni siku mbili mbali mbali."

"Ni Ijumaa ile ile moja!" nikasema.

"Ndiyo, Bi. Ndiyo." Akazichukua akaingia kwa mkubwa. Tulisikia sauti ndani, si kali, sauti za watu wanaohurumiana. Alipotoka alikuwa na karatasi mpya imeshapigwa chapa, na mstari wa saini chini.

"Mzee, hii imepatikana kwa shida. Tia saini, mambo yatakwisha leo leo na nyota itakaa."

Jaribu akavaa miwani. Ilikuwa imeandikwa hivi: *Nathibitisha kwamba nilikosea siku ya Idi Mosi. Siku niliyovishwa cheo ilikuwa Ijumaa, Ramadhani ishirini na tisa.*

Akaisoma. Akavua miwani.

"Sikukosea," akasema.

"Mzee, ni maneno ya ofisi tu."

"Ofisi ni yenu, saini ni yangu. Nikiitia hapa, nimesema siku ile ilikuwa Ramadhani. Na mimi nilikula tambi, bakuli zima, jua la asubuhi linawaka. Kesho akhera nitakapoulizwa nani alikula mchana wa Ramadhani bila udhuru, nitasema sikuwa mimi? Na saini yangu hii hapa?"

Abdulsamad akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Zile tambi nilizipika mimi, na nilikula zaidi yake.

"Litoe neno Ramadhani," nikasema. "Weka Ijumaa tu."

"Likitoka hilo, linabaki *nilikosea siku ya Idi*."

"Na hilo nalo silikubali," Jaribu akasema. "Siku ile niliswali Idi. Sikuiswali kwa kukosea."

Yule kijana akaisukuma ile karatasi upande wetu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Njia nyengine ni mashahidi wabadilishe wao. Waseme ilikuwa Idi. Maneno yakiwa mamoja, mkubwa atakuwa na pa kushika."

Jioni ile ile nilimwendea Masoud. Alikuwa kisimani anavuta maji, nikakishika kile kigudulia chake asipate pa kukimbilia.

"Shemeji, andika Idi. Neno moja tu. Kwa ajili ya kaka yako."

"Niandike Idi, na mie nilifunga?"

"Si umeshafungua zamani."

"Bi Mwatum, kufunga siku ya Idi ni haramu. Nikiandika ilikuwa Idi, nimejiandikia mwenyewe haramu. Wataka niingie motoni kwa ajili ya nyota ya mtu?"

"Wewe utaingia kwa mengine."

"Ndiyo maana usiniongezee."

Tulicheka, tukashindwa kuendelea kucheka. Akakaa juu ya ukingo wa kisima. "Wallahi, shemeji, akitaka mkono wangu nitampa. Akitaka ng'ombe, yule pale, afungue. Hiyo saumu si yangu ya kutoa."

Nikampigia simu Meja Zubeir. Aliniuliza hali ya Luteni, hali ya karafuu, hali ya yale mayai. Kisha akasema, "Bi Mwatum, saumu ile ilikuwa ngumu kuliko zote nilizofunga maishani. Nimevumilia iliki. Unaniambia leo niiandike haikuwa saumu?"

Nikawa sina mtu wa kumchukia. Nilimtafuta, nikamkosa. Karani anafahamu, mkubwa anafahamu, shemeji anatoa ng'ombe, Meja anatoa mayai, na kila mmoja anasema kweli, na zile kweli zote zimekaa juu ya bega la mume wangu pale penye nyota.

Lililobaki ni hila, na hila si mgeni wangu. Niliichukua ile karatasi, maana Abdulsamad alitupa tuondoke nayo tukafikiri, na nikaanza kujifunza saini ya Jaribu kwenye kifuniko cha boksi la biskuti. Nilikwenda vizuri. Nikageuka nikamkuta nyuma yangu.

"Hiyo jimu yangu haina mkia," akasema, maana saini yake huitia kwa herufi za Kiarabu, na jimu ni j yao.

"Nilikuwa nachora."

"Mwatum. Usifanye." Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Akakaa karibu yangu, akakichukua kile kifuniko akakitazama sana, akasema, "Lakini umeipatia kuliko mimi."

Wiki iliyofuata mvua za vuli ziliteremka kana kwamba zimefukuzwa huko juu. Upande wa bondeni maji yaliingia majumbani, watu wakapanda juu ya vitanda na kuku wao. Tulisikia kikosi kimeitwa. Jaribu akavaa buti, akafunga kamba, akakaa barazani, simu kaiweka juu ya goti. Nikamletea chai, ikapoa. Nikaiondoa nikaleta nyengine. Gari la kikosi likapita njia kubwa, limejaa vijana na makoleo, Jaribu akasimama, na mmoja wao akampungia mkono, kwa heshima kabisa, na gari halikupunguza mwendo.

Simu ikalia. Akaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Alikuwa binti yetu, anauliza kama paa linavuja.

"Halivuji," Jaribu akamwambia. "Hapana linalovuja."

Alikaa na buti mpaka Magharibi. Nilipomvua soksi zilikuwa kavu, na nilizianika hivyo hivyo, sijui kwa nini.

Niliiweka ile karatasi chini ya mto wake, na kalamu. Asubuhi nikaikuta juu ya meza, imekunjwa vizuri, haina kitu. Nikaiweka tena. Ikarudi tena mezani. Tukaendelea hivyo mpaka siku moja nikamuuliza kizani, "Jaribu, kama ningelikuchelewesha kula siku ile? Kama ningeliunguza?"

"Ingelikuwa Idi vilevile," akasema. "Ingelikuwa Idi na njaa."

Mwaka ulipokuwa unafunga, Abdulsamad alikuja mwenyewe na pikipiki, akasema hataki mtu mwengine aje kumvua Mzee wake nyota. Jaribu alimkabidhi nyota ndani ya leso safi. Yule kijana aliipokea kwa mikono miwili. Nilimtilia chai, akaishika, hakuinywa, na wakati wa kuondoka akataka kusema "Luteni", akajizuia, akataka kusema "Sajenti", akakumbuka hilo nalo limeshatoka, akabaki anasema, "Haya, Mzee. Haya, Mzee."

Baada ya hapo nilifua yale magwanda nikayapiga pasi. Begani kulibaki vitundu viwili vya pini. Nilivisugua kwa ukucha, nikavipiga maji, nikavipiga pasi tena. Havikuziba.

Ikaja Ramadhani ya mwaka huu. Sisi tulianza siku yetu, Masoud na wenzake wakaanza kesho yake, kama desturi. Lakini mwezi nao una vichekesho vyake. Sisi tulitimiza thelathini, wao wakaona mwezi kwa ishirini na tisa, na tukaangukia Idi siku moja. Ua mzima, kijiji kizima, kisiwa kizima. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliwaona ndugu wale wawili wakitoka pamoja kwenda kuswali, kanzu kwa kanzu, na Jaribu anatembea pole pole, maana tangu vuli miguu imekuwa mizito na daktari anasema hana ugonjwa anaouona.

Nilipika tambi sufuria moja kubwa, za iliki na zabibu, na moshi nikauachia uende utakako. Tukakaa uani wote. Masoud akajaza mdomo.

"Mwaka huu hapana wa kuziba pua," akasema.

"Ziba mdomo basi," nikamwambia.

Watoto wakacheka. Jaribu alikuwa na bakuli lake mapajani. Alikula kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu, akatazama upande wa njia kubwa, ambako hakukuwa na gari lolote. Kisha akauliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Leo tarehe ngapi?"

Nikamtazama Masoud. Masoud akamtazama mkewe. Mkewe akanitazama mimi. Hapana mtu pale uani aliyejua. Ilikuwa Idi tu.